Umemaliza saiba sekyuriti, sasa kazi ziko wapi?

Mdogo wangu kamaliza Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), ile digrii ya saiba sekyuriti na uchunguzi wa kidijitali, juzi kanipigia simu analalamika: kaka, nimeipekua Ajira Portal, ile tovuti ya ajira za serikali, mpaka basi, hakuna tangazo hata moja limetaja fani yangu.

Ndo penye shida hapo. Madogo wengi wanatafuta tangazo lenye jina la digrii yao wakati kazi yenyewe imejificha ndani ya Afisa TEHAMA Daraja la II, mkaguzi wa mifumo, afisa wa vihatarishi benki, ukisoma kichwa unapita, ukisoma majukumu unakuta ni yaleyale uliyofanyia mtihani. Mi mwenyewe ni mkaguzi wa mifumo na sijawahi kuitwa hacker na mtu yeyote zaidi ya mashemeji wanaotaka niwafungulie Facebook.

Benki na kampuni za simu ndo waajiri wakubwa. Kuna watu wanakaa shifti usiku mchana wanafuatilia mifumo, na usidanganyike na muvi, tahadhari nyingi ni mfanyakazi kasahau paswedi Jumatatu asubuhi, ila humohumo ndo unajifunza kutofautisha kelele na mwizi. Kwenye simu usiseme, taifa la "ile hela tuma kwenye namba hii" haliwezi kukosa kazi za kupambana na utapeli. Polisi nao wanahitaji wachunguzi, ila jiandae kupiga kwata kwenye shule ya polisi Moshi kwanza.

Halafu kuna mlango ambao watu wanaupita tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, inataka taasisi zijisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na ziwe na afisa wa kusimamia taarifa za watu. Hospitali, shule, saccos, wakopeshaji wa mtandaoni, wote hao. Wengi wamempachika cheo mtu wa rasilimali watu ambaye hajui hata seva iko wapi. Wewe soma hiyo sheria vizuri uende nayo.

Sasa kwa wale wa forensiki, yaani uchunguzi wa ushahidi wa kidijitali. Nimewahi kukaa upande wa kuuliza kwenye intavyuu, swali langu ni dogo: umekuta simu ya mtuhumiwa mezani, imewashwa, haijajifunga, unaanza na nini? Wengi wanajibu nafungua WhatsApp nasoma meseji. Hapo ushaharibu. Unaikata kwanza na mtandao, isije ikafutwa kwa mbali, huizimi kwa sababu ikiwaka tena itadai namba ya siri, unaandika saa ngapi umeikuta, nani alikuwepo, nani kaibeba. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inamwambia hakimu aangalie ushahidi ulitunzwaje na kama unaaminika, kwa hiyo wakili wa upande wa pili hatakuuliza umetumia programu gani, atakuuliza hiyo simu ililala wapi Ijumaa usiku.

Na usiniambie huna vifaa. Zile mashine za kufungua simu ni bei mbaya kweli, ila programu za FTK Imager (ya kutengeneza nakala) na Autopsy (ya kuichunguza) ni za bure. Chukua flashi ya zamani, weka picha, futa, tengeneza nakala yake nzima, chukua hashi ya SHA-256 ya hiyo nakala, yaani namba ndefu inayobadilika nakala ikiguswa hata kidogo, iandike kwenye daftari, halafu ifungue kwenye Autopsy uone picha inavyorudi, maana kufuta kunaondoa rekodi ya faili lilipo tu, data yenyewe inabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Ukimaliza andika ripoti ya kurasa mbili ambayo shangazi yako asiyejua kompyuta ataielewa. Hiyo ripoti beba kwenye intavyuu. Nimeona watu wenye vyeti lukuki wanashindwa kuiandika, Kiswahili hawawezi na Kiingereza nacho kinawapiga chenga.

Vyeti vinasaidia, sikatai, Security+ (ya misingi ya usalama) au CCNA (ya mitandao ya kompyuta) inakupitisha kwenye mchujo wa kwanza, ila usikope hela kwa ajili yake kabla hujajua unaelekea wapi. Anza hata kwenye sapoti ya kawaida, kubadilisha katriji za printa na kuunga kebo, ukishazijua mashine za ofisi na watu wake utajua wanapoibiwa.

Na wewe uliyeniuliza jana kama uunge masters moja kwa moja, subiri kwanza upate mwajiri akulipie.