Siku moja na lori la mafuta: bei inavyopanda njiani

Saa 11 alfajiri. Niko foleni ya depo. Depo hii hupokea mafuta kwa bomba, na nchi kavu hakuna usafiri wa mafuta ulio nafuu kuliko bomba. Hapa getini wenye vituo wote hununua kwa bei zinazokaribiana. Tofauti inaanza tukishatoka.

Saa 1 asubuhi. Napakia lita 35,000, petroli na dizeli kila moja chumba chake, kisha vifuniko vinapigwa sili.

Saa 3. Nashusha lita 20,000 mjini. Vituo vimetazamana na kila mmoja anachungulia kibao cha bei cha mwenzake, kwa hiyo hakuna anayethubutu kupandisha peke yake. Mzigo huu utaisha upesi.

Saa 5 hadi saa 12 jioni. Lami kilomita 240, saa 4. Kisha vumbi na mashimo, kilomita 60 tu, saa 3. Wengi hudhani dizeli inayonywewa na lori ndiyo inayopandisha bei ya mbali. Kwenda na kurudi lori langu linakunywa kama lita 200, na huku nimeleta 15,000. Haifiki hata lita 2 katika kila 100. Kinachokula pesa ni tairi, springi, bima, rejesho la mkopo wa lori, ujira wangu na wa utingo, na muda. Lori lililoshinda kwenye mashimo lingeweza kupakia tena na kushusha mjini siku hiyohiyo. Kila mara nikipita kipande hiki roho inaniuma, maana wanaokilipia ndio wenye kipato kidogo.

Saa 12 jioni. Kituo cha mwisho, pampu 2. Mama mwenye kituo anakagua sili moja moja kabla hajaniruhusu kufungua. Anapaka dawa ncha ya kijiti cha kupimia na kukizamisha hadi chini kabisa, maana maji ni mazito kuliko mafuta na hutuama huko. Yakiwepo, dawa hubadilika rangi. Leo ni safi.

Kijana wa pikipiki anamuuliza, "Mama, mbona mjini ni nafuu?" Anamjibu kwa upole, na ana haki. Lita hizi 15,000 zitamchukua wiki kadhaa kuziuza. Mlinzi, umeme, leseni na matengenezo ya pampu analipa kama wa mjini, ila gharama zote zinabebwa na lita chache, na pesa yake imelala ardhini. Kwingine huongezeka kodi: ukivuka mpaka wa jimbo au nchi, bei inaruka hata kama umbali ni mfupi.

Saa 2 usiku. Tumemaliza kushusha. Lori la kawaida lingetafuta mzigo wa kurudi nao, saruji au nafaka. Tanki la mafuta halibebi vitu hivyo, kwa hiyo kesho narudi mtupu kilomita zote 300, na gharama yake imeshaingia kwenye bei ya lita nilizoziacha hapa.