Nilivyopima pumzi za baba kwa rada bila kumgusa

Baba alikuwa akiivua ile mashine ya kubana kidole, ya kupima oksijeni, kila akipitiwa na usingizi, na mimi nilitaka kujua anavyopumua usiku. Nikaagiza rada ndogo ya gigahezi 60, ya kutosha kiganjani, nikaifunga kwenye boriti juu ya kitanda chake hapa Nyalenda, Kisumu. Akaiangalia, akauliza, “Sasa hii itanipiga picha nikilala?”

“Hapana, Baba, haina kamera. Inafuata tu kifua kikipanda na kushuka.”

Ndivyo inavyofanya kazi. Mawimbi yake ya redio hupenya neti na blanketi, yakagonga kifua na kurudi. Wimbi moja lina urefu wa milimita 5 tu, kwa hiyo kifua kikisogea hata milimita moja, tofauti inaonekana wazi. Pumzi hukisogeza milimita kadhaa. Moyo, chini ya milimita moja.

Kilichonisumbua ni feni. Kwa joto letu huwezi kuizima, na upepo wake unaitikisa neti, basi kwenye skrini ni vurugu tupu. Dawa ikawa umbali. Rada hii hupandisha masafa yake, yaani kasi ya mitetemo ya mawimbi (ndiyo hupimwa kwa gigahezi), mfululizo, na ikitumia upana wa gigahezi 4 inatenganisha vitu vilivyoachana kama sentimita 4. Neti iko juu ya kifua zaidi sana ya hapo. Nikaandika programu ishike umbali wa kifua peke yake. Mstari ukatulia! Nikakaa kando ya kitanda na saa, nikahesabu pumzi 18 kwa dakika. Rada nayo ikaandika 18. Nilifurahi mno.

Moyo ni kazi nyingine. Pumzi huacha vivuli vyake kwenye data, mara mbili, mara tatu, mara nne ya kasi yake. Sasa 18 mara nne ni 72, na moyo wa mtu aliyelala unaweza kudunda kwa kasi hiyohiyo. Nachuja vivuli hivyo kwanza ndipo nitafute moyo, na vikiangukiana nao naacha nafasi wazi. Baba akigeuka, vilevile. Namba ya kubahatisha haifai kwa mgonjwa.

Oksijeni rada haipimi, kwa hiyo mashine ya kidole bado tunaitumia jioni kabla hajalala. Daktari nampelekea chati ya pumzi. Ya moyo bado nailinganisha.