Mionzi kwa maumivu ya neva ya usoni: kabla hamjatutumia CD ya MRI huku Uingereza

Sisi tulio kwenye idara za mionzi huku Uingereza hupata sana ujumbe wa aina hii kutoka Kisumu na Nakuru: mama anapigwa shoti shavuni, ameshang'olewa meno, maumivu yako palepale, je, mashine za mionzi za huko zitamsaidia? Chini yake kuna picha ya filamu ya MRI iliyopigwa kwa simu. Picha hiyo haitufai kitu.

Kwanza hakikisheni ni neva ya tano kweli, ile inayobeba hisia za uso. Shoti yake huja upande mmoja, hudumu sekunde chache hadi dakika mbili, na huamshwa na mswaki, kutafuna au upepo wa kwenye boda. Maumivu ya kuwanga mchana kutwa bila kukatika hayaitikii mionzi vizuri.

Neva yenyewe ina unene wa milimita chache tu, na MRI ya kawaida ya kichwa, yenye vipande vya milimita 5, huiruka. Mwambieni daktari aombe MRI ya neva ya tano: vipande vya milimita 1 au chini, visivyoachana, picha za aina ya T2 ya 3D pamoja na T1 yenye dawa ya kung'arisha. Hizo ndizo huonyesha uvimbe, au mshipa wa damu unaoikandamiza neva. Kama mshipa upo na mgonjwa ana nguvu za kuhimili upasuaji, upasuaji ndio tungeutanguliza, maana nafuu yake huja haraka na hukaa zaidi. CD iwe na faili zote za DICOM, yaani picha zenyewe kama zilivyotoka kwenye mashine ya MRI.

Kwenye Gamma Knife, mojawapo ya mashine hizo za mionzi, kichwa hakifunguliwi. Fremu hufungwa kwa skrubu nne baada ya sindano za ganzi, MRI hupigwa fremu ikiwa kichwani, halafu miale 192 ya kobalti-60 hukutanishwa kwenye nukta ya milimita 4 juu ya neva. Kipimo cha mionzi ni grei 70 hadi 90, mara moja tu. Nukta ikisogea mno kwenye shina la ubongo, hatari ya uso kufa ganzi hupanda. Ndiyo maana upangaji huchukua muda. Kobalti hupoteza nusu ya nguvu kila miaka 5 na ushei, kwa hiyo mashine yenye kobalti kuukuu humlaza mgonjwa muda mrefu zaidi. Mashine nyingine, CyberKnife, haina fremu: mgonjwa huvaa barakoa ya plastiki, eksirei hupigwa kazi ikiendelea, na roboti hujirekebisha kichwa kikisogea. Kabla ya kukata tiketi ya ndege, ulizeni kwanza Nairobi kama tiba hii inapatikana.

Panapoharibika zaidi ni nyumbani baadaye. Nafuu huchukua wiki kadhaa, hata miezi, ilhali familia huachisha karbamazepini, dawa ya kutuliza maumivu haya ya neva, siku mgonjwa anaporudi. Msifanye hivyo, hupunguzwa polepole, kwa amri ya daktari. Na kwa anayetumia ARV, tafadhali sana, kliniki ya CCC anakochukulia ARV ijue siku karbamazepini inapoanzishwa: hushusha dolutegravir, mojawapo ya ARV, mwilini, na dozi ya miligramu 50 inabidi imezwe mara mbili kwa siku. Hudhoofisha pia vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango.

Maumivu yakirudi baada ya miaka, mionzi inaweza kurudiwa kwa kipimo kidogo, lakini uwezekano wa ganzi ni mkubwa zaidi. Ganzi ikifika jichoni, mgonjwa aonwe na daktari wa macho mapema, kwa sababu mchanga ukimkwaruza hatausikia.