Nilivyoisaka hitilafu kwa skripti, nikaielewa kwa dirisha

Nimechoka kusikia kwamba msanidi programu wa kweli hagusi kipanya, na nimechoka vilevile na wale wanaodai kwamba terminali, yaani sehemu ya kuandikia amri badala ya kubofya, imepitwa na wakati. Mashauri yote mawili nilipewa nilipokuwa nikitafuta hitilafu iliyoharibu wastani kwenye ripoti, na lau ningefuata moja tu, nisingeimaliza kazi ile.

Programu ilikuwa imewahi kutoa jibu sahihi, kwa hiyo swali lilikuwa moja: ni badiliko gani lililoivuruga? Nilianza kwa kufungua historia ya mradi katika gitk, dirisha la Git (mfumo unaotunza kila toleo la msimbo), ambamo matawi, yaani njia sambamba za kazi, huonekana kwa mistari ya rangi. Inapendeza kweli, lakini kila toleo lilinidai mzunguko uleule wa kulichukua, kulijenga (kuugeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa), kuliendesha na kuitazama namba. Kazi ya namna hiyo haimfai binadamu. Nikaandika skripti fupi, yaani faili ya amri zinazojiendesha mfululizo, ya kujenga programu na kulinganisha wastani na ule unaotakiwa, nikaikabidhi kwa amri ya git bisect run, inayolisaka badiliko lililoleta kosa. Git huigawa historia nusu kwa nusu, hivi kwamba mabadiliko 1,000 huhitaji majaribio 10 hivi. Skripti hurudisha 0 toleo likiwa zima na 1 likiwa bovu, na hapa ndipo penye ujanja ninaojivunia: baadhi ya matoleo ya katikati hayakujengeka kabisa, nayo niliyapa 125, namba inayoiambia Git iliruke toleo hilo bila kulihukumu. Pasipo hiyo, toleo lililokosa faili moja lingesingiziwa kosa lisilo lake. Skripti yenyewe iwekwe nje ya folda ya mradi, kwa kuwa Git hubadilisha faili kila inapohamia toleo jingine.

Ikaniletea badiliko lililoelezwa kuwa ni la kupanga upya nafasi za mistari tu. Kwenye terminali lilikuwa msitu wa alama za kujumlisha na kutoa. Nikafungua Meld, inayoweka faili mbili bega kwa bega, nikaiagiza ipuuze nafasi tupu, na ukabaki mstari mmoja uliotiwa rangi. Mabano yalikuwa yamehamishwa, kwa hiyo ugawaji ulifanyika kwa namba nzima kabla ya jibu kugeuzwa kuwa desimali. Katika lugha ya C, 7 ikigawanywa kwa 2 namna hiyo hutoa 3, na nusu hupotea bila onyo lolote.

Kujenga, kupima na kupeleka programu kwenye seva nimekuhamishia kwenye Makefile, faili ya hatua zinazotekelezwa na zana iitwayo make. Zana ya make imekuwa kazini tangu 1976, na hatua zilizoandikwa mwenzangu anaweza kuzikagua, jambo lisilowezekana kwa vitufe nilivyobonyeza peke yangu. Migongano ya matawi yanayounganishwa bado naisuluhisha kwenye dirisha, nikiziona pande zote mbili kwa pamoja. Anayeijaribu bisect amalize kwa git bisect reset, la sivyo mradi wake utabaki umesimama kwenye toleo la zamani.