Saba Ndiyo Iliyoamua

Juzi kitinda mimba wangu kaniuliza mbona shuleni wamefundishwa kanuni za kutambua namba inayogawanyika kwa 2, 3, 4, 5, 6, 8 na 9, halafu 7 ikarukwa. Nikamwambia ya 7 ipo, ila ina mzunguko mrefu. Afadhali ugawanye tu. Moyoni nilishafika kwa mjomba, usiku ule aliponipa fumbo la namba.

Mjomba alichora vyumba tisa kwenye karatasi, akanisogezea. "Haya mpwa wangu, jaza tarakimu 1 hadi 9, usirudie hata moja. Namba ya tarakimu mbili za mwanzo igawanyike kwa 2, ya tatu za mwanzo kwa 3, ya nne kwa 4, hivyo hivyo mpaka ya zote tisa kwa 9."

Mipangilio ya tarakimu hizo ni 362,880. Lakini hazikawii kupukutika. Chumba cha tano lazima kikae 5, maana sifuri haimo. Vyumba vya pili, nne, sita na nane vinataka shufwa, kwa hiyo witiri zinabaki kwenye vingine. Sharti la 4 na la 8 yanalazimisha chumba cha nne na cha nane vigawane 2 na 6. Sharti la 9 halina kazi: jumla ya 1 hadi 9 ni 45, nayo inagawanyika kwa 9, upange utakavyo. Ukimaliza na la 3 na la 6, zinasalia namba kumi tu, na zote zinangoja hukumu ya 7.

Hapo ndipo nilipokaa sana. Miongoni mwao ilikuwemo 987654321, imeshuka ngazi bila kuruka hata moja, nami nilitamani iwe hiyo. Nikagawa 9876543 kwa 7: baki 5. Ikaja 147258963, ambayo ukiibonyeza kwenye simu unashuka safu mbili na kupanda ya tatu. Nayo ikaanguka. Mjomba kimya, ananitazama kalamu.

Nikaichukua 381654729, isiyo na sura yoyote ya kuvutia. Nikaandika tarakimu saba za mwanzo, 3816547. Saba kwenye 38 mara tano, baki 3. Kwenye 31 mara nne, baki 3. Kwenye 36 mara tano, baki 1. Kwenye 15 mara mbili, baki 1. Kwenye 14 mara mbili, hakuna baki. Kwenye 7, mara moja. Jibu 545,221, safi kabisa. Mwili ulinisisimka.

"Nyingine hakuna," mjomba akasema. "Na ukiitia 0 mwishoni, inagawanyika kwa 10 pia."

Nikamuuliza nani kaipanga. Akasema hakuna, ilikuwepo kabla ya mtu wa kwanza kuhesabu.

Niliamini hivyo miaka mingi. Baadaye nikajua kwamba tungehesabu kwa makundi ya kumi na mbili badala ya kumi, fumbo hilo hilo, kwa tarakimu zake kumi na moja, lisingekuwa na jibu hata moja. Kwa makundi ya nane, majibu ni matatu. Sasa upekee ule ni wa namba yenyewe, au ni wa vidole vyetu kumi? Mjomba angeshikilia kwamba ni wa namba. Mimi kuna siku namkubali, kuna siku sioni hivyo kabisa.