Maji Ndiyo Yaliyoniharibia Losheni

Kwa miaka miwili nilitengeneza hapa Tanga mafuta ya kupaka ya nazi na siagi ya shea bila tatizo, kwa sababu hayakuwa na hata tone la maji, na pasipo maji bakteria na kuvu hawapati pa kuota. Wateja walipoomba losheni nyepesi isiyonata wakati wa joto, niliteka maji ya kisima chetu, nikayachemsha, nikayachanganya na mafuta kwa nta ya kuunganishia, nikaamini kazi imekwisha. Siku ya kumi na mbili mama jirani alinirudishia kopo lake. "Mwanangu, hii imechacha," akasema. Nilipofungua niliona madoa ya kijivu kwenye ukingo wa kifuniko, na chini maji yamejitenga na mafuta. Niliwarudishia wateja wote wanane fedha zao.

Kosa langu lilikuwa kuyaona maji kama kijazio tu, ilhali katika losheni nyingi ndiyo yanayozidi viambato vingine vyote kwa uzito, na kwa kuwa orodha ya viambato hupangwa kwa uzito, neno "aqua", yaani maji, ndilo linalotangulia. Kuchemsha huua vijidudu vingi vilivyomo saa ile. Vingine huingia na kidole cha kwanza kinachochovya koponi. Tena maji ya kisima chetu ni magumu, hata sabuni haitoi povu vizuri, na madini yake yanaweza kudhoofisha muungano wa maji na mafuta.

Sasa natumia maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliopozwa ukawa maji tena, bila madini. Katika gramu 1,000 za losheni napima maji gramu 720, mafuta na siagi 170, nta 60, gliserini 40 na kihifadhi cha fenoksiethanoli cha kuzuia vijidudu kuota 10, ambacho nakitia mwishoni, mchanganyiko ukishapoa chini ya nyuzi 40. Kilichonisumbua zaidi ni mvuke: maji yakikaa kwenye nyuzi 70 kwa dakika ishirini hupungua, losheni ikatoka nzito kuliko nilivyokusudia, hivyo napima sufuria kabla na baada ya kupasha moto, kisha narudishia gramu zilizopotea. Makopo nayo nimeyaacha, natumia chupa za pampu.

Chupa ya kwanza ya utaratibu huu ina miezi minne kwenye rafu ya jikoni, nyeupe, haijajitenga. Lakini bakteria wanaweza kujaa bila kuonekana kwa macho, kwa hiyo chupa ya pili nimeipeleka maabara, na sitauza hata moja kabla ya majibu.