Kadi Haiuzwi

Nikiwa hapa sokoni Kiboriloni, Moshi, nachagua ndizi za mtori, mwenzangu wa Leeds, Uingereza, ninakoishi, kanitumia picha: kadi yangu niliyoishona kwa kipande cha kanga ipo mtandaoni, inauzwa pauni 18. Mpaka sasa moyo haujatulia. Huyo muuzaji tulibadilishana kadi, akanipa yake nikampa yangu, tukashukuriana vizuri. Sahihi yangu bado iko nyuma. Na kile kitambaa nilikikata kwenye kanga aliyonipa mama siku naondoka, ile ya "Mama nipe radhi, kuishi na watu kazi". Kwenye kadi lilienea neno moja tu, "radhi". Ndilo limetiwa bei.

Kwa msiozijua, ni kadi ndogo za kushona, inchi 2.5 kwa 3.5, saizi ya karata. Kadi za namna hii zilianza na msanii M. Vänçi Stirnemann wa Zürich, Uswisi. Mwaka 1997 alizionyesha zake, akaalika watu walete za kwao wabadilishane. Wenye cherehani nao wakaingia na vitambaa. Nyuma unaandika jina na tarehe. Uza chochote kingine unachotengeneza, ila kadi hizi ni za kubadilishana.

Kaka yangu ananiambia, "Dada, pauni 18 unazijua kwa pesa yetu? Si uuze na wewe!" Nazijua sana. Lakini kuna bibi mmoja kule Leeds, mjane, alinipa kadi aliyoikata kwenye koti la sufi la marehemu mumewe, na kitundu cha kifungo kakiacha palepale. Mimi mgeni, hanijui kwetu wala ukoo wangu. Leeds mwezi huu saa kumi jioni ni giza, mtu anaweza kumaliza wiki hajasalimiwa na jirani. Yule bibi alinikalisha mezani kwake akanishikisha kitu cha mumewe. Hiyo niiuze kwa nani?

Mnaojiandaa kusafiri, mbali na unga na dagaa, pitieni kwa fundi wenu mwombe vipande. Kule robo yadi ya pamba ni pauni tatu na kuendelea. Hapa Moshi, mtaa wa Pasua, mama fundi ananijazia kiroba cha vitenge bure, tena anashangaa. "Mwanangu, si vya kujazia mito hivi?"

Jana nimeshinda naye. Chini kitambaa cha kawaida, katikati kile kigumu cha kutia kwenye kola, juu vipande vya kitenge vilivyopandana, halafu zigizaga kuzunguka ukingo, mara mbili ili nyuzi zisichomoze. Kazi iko kwenye kona. Mimi kona zangu huvimba. Yeye aliiacha sindano imezama kwenye kitambaa, akanyanyua mguu wa cherehani, akageuza kadi taratibu, akashusha. Kona kali kama ya bahasha! Kapanga milia ya njano na bluu ikapanda kama mlima, juu kabakiza kijipande cheupe. Nikamwambia aandike jina lake nyuma, kaandika kwa herufi kubwa.

Hiyo naipeleka kwa yule bibi, na kadi mpya atakayotoa bibi kwa kubadilishana nitaituma Pasua kwa posta. Yule muuzaji nimeshamwandikia aishushe ile kadi anirudishie, nami nitamrudishia yake. Watu wa Moshi na Arusha, mimi nipo mpaka baada ya mwaka mpya. Vipimo mnavyo. Shoneni, mje nazo kwa mama fundi tubadilishane, pesa mbaki nazo.